Kuupokea Wahka Bila Kuutii

Miongoni mwa jamaa zetu waliohamia Nyeri, Karatina na Nanyuki kwa ndoa au biashara, lipo jambo litajwalo kwa sauti ya chini: moyo kwenda mbio, kifua kubana, usingizi kupotea, na hofu isiyo na sura. (Baridi ya Julai kule, na umbali wa ndugu, havisaidii.) Wengi huambiwa wazidishe dhikri, na baadhi hukemewa kuwa imani yao imepungua. Kemeo hilo halina msingi. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akimwomba Mola amkinge na hamu na huzuni. Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi, akiyahesabu maradhi ya nafsi kuwa maradhi yenye tiba.

Katika tiba za zama hizi imo moja iliyoasisiwa na Steven Hayes, mwanasaikolojia wa Marekani, katika miaka ya 1980. Msingi wake ni kukubali. Si kuikubali dhulma, la hasha. Mke apigwaye hatakiwi kukubali kipigo. Kinachokubaliwa ni hisia iliyokwisha kuingia moyoni, kwa kuwa kushindana nayo huizidishia nguvu.

Tuseme mama wa Majengo, Nyeri, alishuhudia ajali, na tangu hapo hapandi matatu. Kila aahirishapo safari hupata nafuu ya saa moja, na nafuu hiyo ndiyo inayomfunga: wiki hii hakwenda sokoni Karatina, mwezi ujao hatakwenda kumwona mamake Mombasa. Tiba hii haimwambii asiogope. Humfundisha kusema, “Naliona wazo liniambialo kuwa nitafia njiani,” kisha azihisi nyayo zake zilivyokanyaga sakafu, avute pumzi taratibu, na ajiulize ni lipi lenye thamani kwake. Ikiwa ni kuunga udugu, basi apande hadi Marua, moyo ukimdunda. Siku nyingine hadi Karatina. Hofu na ipande naye kama abiria mwingine.

Njia hii imepimwa karibu nasi. Shirika la Afya Duniani lilitunga mafunzo ya namna hii, mikutano 5 ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa pamoja na kitabu cha picha, yakajaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwa wanawake waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa dhiki ya nyoyo zao ilipungua zaidi kuliko ya wenzao ambao hawakuyahudhuria, na baada ya miezi 3 tofauti hiyo ilikuwapo bado. Waliowaongoza hawakuwa madaktari.

Hata hivyo, mwenye moyo kwenda mbio na apimwe kwanza, kwani maradhi ya tezi ya shingo na upungufu wa damu huleta dalili kama hizo. Na yeyote anayewaza kujidhuru apelekwe hospitali ya kaunti siku hiyo hiyo, asingojeshwe hadi kisomo kiishe. Kisomo kinaweza kusomwa akiwa huko huko.