ADA YA AFYA HUTANGULIA VIZA



Mwaka 1959 Ndugu Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alichangisha pesa za ndege, na vijana 81 wakaondoka Nairobi kwenda kusoma Marekani. Siku zile kikwazo kilikuwa nauli. Siku hizi mzazi akishapata karo na nauli hudhani amemaliza, kumbe bado.

Tutazame Uingereza. Mwanafunzi atakayekaa huko zaidi ya miezi sita hana budi kulipa ada ya afya wakati ule ule anapoomba viza. Ada hiyo ilianza mwaka 2015 kwa pauni 150 kwa mwaka. Mwezi wa Februari 2024 ilipandishwa hadi pauni 776. Tena haidaiwi mwaka kwa mwaka, bali hulipwa yote pamoja kwa muda wote wa viza. Kwa kiasi hicho, kijana wa shahada ya mwaka mmoja, ambaye viza yake hupita miezi kumi na miwili, hulipa pauni 1,164. Wa miaka mitatu hulipa zaidi ya pauni 2,300. Ada ya viza yenyewe ni mbali.

Msidanganywe na mawakala. Kununua bima nyingine hakumwondolei mtoto deni hili, wala michango yako ya SHA haimfai huko. Viza ikikataliwa, ada ya afya hurudishwa, lakini ada ya viza hairudi.

Hatuombi matibabu ya bure. Sisi wenyewe hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya matibabu. Twanung'unika, lakini twalipa, kwa kuwa ni mwezi kwa mwezi na kwa kadiri ya mshahara. Kumdai mtoto wa mfanyakazi wa bandarini sawasawa na mtoto wa tajiri, ada ya miaka yote, kabla hajapanda ndege, hiyo si haki. Ilipwe kila mwaka.

Je, yawezekana? Mwaka 2020 wafanyakazi wa hospitali waliotoka nchi za nje waliondolewa ada hii huko huko Uingereza, baada ya vyama vyao kupiga kelele. Basi viongozi wetu walifikishe neno hili kwa wenzao wa huko. Nawe ndugu, kabla hujauza ng'ombe, kukopa Sacco au kuitisha harambee, andika ada ya afya mwanzo wa hesabu yako.

Mwanachama mwenzenu.