Mboga Kwenye Simu, Jirani ana Njaa

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyeotesha ardhini mimea ya rangi mbalimbali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kuna desturi iliyoingia majumbani mwetu, nayo haikubakia Musoma mjini peke yake, bali imeshafika huku kwetu Nyegina. Kabla kisu hakijagusa nyanya, hupangwa kwanza juu ya sinia nyanya nyekundu, karoti, hoho za kijani na za manjano, bilinganya na fungu la mchicha lililonyunyiziwa maji ili ling'ae. Kisha simu huinuliwa, na kabla sufuria haijainjikwa, picha imeshawekwa kwenye stetasi ya WhatsApp au Instagram. Juu ya jambo hili yamezuka makundi mawili, na sisi tunasema kuwa yote mawili yamekosea.

Kundi la kwanza ni la wanaoharamisha. Wao wakisikia neno picha, husoma hadithi za makemeo ya watengeneza sura, wakazishusha juu ya sinia la mboga. Hawa tunawauliza: dalili iko wapi? Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kutengeneza sura, alimfikishia onyo la Mtume (s.a.w.), kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kisa hicho kimo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wa zama za karibu walihitilafiana juu ya picha ya kamera ya mtu au mnyama. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri na kufariki mwaka 1935, aliandika risala ya kuijuzisha. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, aliikataza ila kwa dharura. Lakini juu ya mti, jiwe na nyanya hapakuwa na ugomvi baina yao. Basi anayepanda mimbari kuharamisha picha ya karoti ameharamisha alichokihalalisha Allah, na hilo si jambo dogo.

Kundi la pili limefurahi kusikia hayo, likasema: kama ni halali, tuacheni. Nalo tunaliambia: subirini, maneno hayajesha.

Katika Suratul An'am mna aya mbili zinazotaja mizeituni na mikomamanga kwa maneno yanayokaribiana sana, kwamba hufanana na haifanani. Katika aya ya 99 Allah anaamrisha matunda yatazamwe yanapozaa na kuiva. Katika aya ya 141 anaamrisha yaliwe, haki yake itolewe siku ya kuvunwa, na israfu iachwe. Basi kuitazama neema ni amri, lakini haikuja peke yake. Imefuatwa na kula, kutoa na kutofuja. Aliyeishia kwenye kutazama na kutazamisha ameshika aya moja na kuiacha ya pili.

Wapo watakaosema kuwa mboga hazina zaka. Ni kweli kuwa jamhuri ya wanazuoni hawaoni zaka katika mboga, na Imamu Abu Hanifa anaiona. Lakini haki ya jirani haikungoja hitilafu hiyo. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba apikapo mchuzi azidishe maji na awakumbuke jirani zake, kama alivyopokea Muslim. Ile riwaya ya kutomuudhi jirani kwa harufu ya chungu wanahadithi wameidhoofisha, nasi hatuitegemei. Hii ya Abu Dharr yatosha. Zingatieni kuwa hakuambiwa aongeze nyama, bali maji. Ni jambo analoliweza hata fukara.

Sasa tupime. Harufu hufika nyumba ya pili; picha hufika kwa kila mwenye namba yako. Humo yumo mjane, yumo kijana asiye na kazi, yumo aliyelala na ugali wa muhogo na chumvi katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, wakati bustani zilizo mbali na ziwa zimekauka. Wote umewaonjesha macho, na hakuna hata mmoja uliyempelekea bakuli.

Wala rangi hizo hazikuumbwa kwa ajili ya kamera. Rangi ya karoti na ya majani mabichi huenda pamoja na kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kinacholinda macho ya mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto huyo haponi kwa kupenda picha. Hupona kwa kula.

Hatumkusudii mama mkulima anayepiga picha mchicha wake na kumtumia mnunuzi wa soko la Nyasho. Huyo anatafuta riziki ya halali, na simu imempunguzia nauli. Tunamuusia moja tu: picha iwe ya mzigo anaouza leo, si ya mavuno ya juzi. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni bichi, naye akajitenga na anayeghushi. Na picha nzuri ya mboga iliyonyauka ni rundo lile lile.

Enyi waumini, hatusemi vunjeni simu. Tunasema kila sinia lililopigwa picha lizae bakuli moja la kuvuka uzio. Asiyeweza bakuli, basi fungu la mchicha. Na asiyeweza hata hilo, angalau asiwatangazie wenye njaa alichokinyima.

Wabillahi tawfiq.