Kibanda umiza si cha vijana peke yao

NJIA PANDA
Na Zaina Mhando

Mwulize mzazi wa Handeni atawapeleka wapi watoto shule zikifungwa. Atakutajia Dar es Salaam, au atakuambia hali ngumu. Kati ya majibu hayo mawili ipo Korogwe, kilomita 65 za lami kutoka hapa Chanika, na hakuna anayeitaja. Kwetu Korogwe ni mji wa shida: unakwenda kufuata vipuri, kumwona mgonjwa, kudaka basi la Arusha. Kwenda kutembea tu, na watoto, kwa nauli yako? Jirani yangu aliponiona na kapu aliuliza nani amefiwa.

Hakuna aliyefiwa. Tulipanda Kosta asubuhi, baba watoto, watoto, mama mkwe na mimi, tukapita Sindeni, tukavuka Mto Pangani, na jua halijawa kali tukawa stesheni. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, na mkonge wa mashamba ya huku ukapata njia ya kwenda bandarini. Mwanangu alitaka treni. Ya abiria ilirejea mwaka 2019 hadi Moshi, na mwaka uliofuata hadi Arusha, lakini haifuati ratiba ya mtoto wa darasa la pili. Akatosheka na kuhesabu mataruma.

Vituko vya Korogwe viko barabarani. Mji unaishi kwa wapita njia, na basi likisimama dakika chache ndiyo soko lenyewe: machungwa yanapandishwa dirishani, chenji inarushwa, mchuuzi anakimbia sambamba na gurudumu akidai mia mbili yake. Basi likiondoka, wote wanarudi kivulini na kuendelea na soga walipoishia. Watoto walikaa kwenye benchi la mama ntilie wakishangilia kama wako uwanjani. Kiingilio hakuna.

Mchana binti yangu akasema: sasa twende sinema. Wazee wetu waliokwenda Tanga mjini walikuwa na Majestic, Novelty na Regal, kumbi ambazo familia zilivaa vizuri ili ziingie. Korogwe ya leo ina vibanda umiza. Tukaingia kimoja nyuma ya soko: mabenchi, turubai, feni moja, na vijana wa kiume tupu. Ilikuwa filamu ya Kihindi iliyotiwa maneno na mtafsiri asiyejali sana wahusika wanasema nini. Kanga ya mama mkwe ilipoonekana mlangoni, ukumbi ukanyamaza; nadhani kila kijana alihisi ni bibi yake amemfuata. Yeye akalipa, akakaa mbele, na kabla filamu haijafika mbali alikuwa akimgombeza jambazi kwa Kizigua. Vijana wakacheka, wakasogea, wakaanza kumweleza nani mbaya wa nani. Tulitoka mtafsiri alipoingiza utani wa chumbani na baba watoto akakohoa mara moja, kwa nguvu.

Wengi hawajui kwamba filamu za kuwaonyesha wanavijiji ziliwahi kutengenezwa milimani, wilayani Korogwe. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri ilikuwa makao ya mradi wa sinema wa Waingereza uliopewa fedha na shirika la Carnegie la Marekani. Meja Notcutt na mwenzake Latham walitengeneza filamu 35, waigizaji wengi wakiwa watu wa kawaida wa Afrika Mashariki, na sauti ikitoka kwenye santuri ili kila mahali wasikie lugha yao. Gari la sinema lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mada zilikuwa kodi, kahawa, safura. Mojawapo ilionyesha wawili waliopata mshahara: aliyeufukia ardhini akaibiwa, aliyeupeleka akiba ya posta akanufaika.

Yalikuwa mahubiri ya mkoloni, na wenyewe waliamini Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka. Ningependa wangemwona mama mkwe akifuata Kihindi kilichotafsiriwa kihuni. Lakini jambo moja walilipatia: walimwonyesha kila mtu, mahali pamoja. Mzee, mama na mtoto walitazama kitambaa kimoja, kisha wakabishana njiani kurudi nyumbani. Sisi tuna teknolojia mara elfu, na sinema ya pamoja tumewaachia vijana gizani.

Utaniambia kila mtu ana simu. Ndiyo, na kila mtu anatazama yake, amejifunika shuka. Simu haimpi bibi nafasi ya kumgombeza jambazi mbele ya wajukuu. Ndani ya kibanda kile niliona kitu ambacho mikutano ya maadili ya vijana haijawahi kunionyesha: vijana wakijirekebisha wenyewe, bila kuhubiriwa, kwa sababu mama mtu mzima amekaa benchi la mbele.

Kwa hiyo sidai jumba la sinema la mabilioni. Skrini ipo, mabenchi yapo, mwenye kibanda yupo na anajua kazi yake. Halmashauri za miji ya Korogwe na Handeni ziwape wenye vibanda nafuu kwenye tozo zao, kwa masharti mepesi: Jumamosi alasiri iwe zamu ya familia, filamu iwe imepangiwa daraja la umri na Bodi ya Filamu, na sauti isiwapasue watoto masikio. Kazi za kuonyesha hazikosekani. Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, na wanangu wanaimba nyimbo zake zaidi ya jedwali la kuzidisha. Mwenye kibanda atauza kiingilio saa ambazo hakuna mpira, na mama ntilie wa jirani atauza chai na maandazi.

Korogwe ikianza, sisi wa Handeni tutaendelea kuvusha hela zetu mto. Madiwani wetu wakitaka zibaki Chanika, wanajua la kufanya.