Chema Kisichotazamwa na Wenyewe

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, methali hiyo imetimia kwa namna ya kutuaibisha. Chema chetu kimejiuza kweli, ila kimejiuza mbali, kwa watu wasiojua hata njia ya kupanda kutoka bandarini hadi Kirungu.

Huko Ujerumani na Marekani wako watu wanaofuga samaki ndani ya matangi ya kioo, si kwa kuwala bali kwa kuwatazama tu. Miongoni mwa samaki wanaowatamani sana ni mmoja wa mawe ya Tanganyika, mwenye nundu kwenye paji la uso na mistari myeusi inayoshuka ubavuni, ambaye wataalamu wanamwita Cyphotilapia. Anapatikana pande nyingi za ziwa, lakini yule wa kwetu, kwa sababu ya buluu yake iliyokolea, anauzwa kwa jina la mji wetu: Moba. Mnunuzi anatoka kazini amechoka, anavuta kiti, anakaa mbele ya kioo. Anamwona jike akibeba mayai kinywani, na baada ya mayai vitoto, majuma kadhaa, mpaka vitoto viweze kuogelea vyenyewe. Anawaita watoto wake waje waone. Sisi tunaoishi juu ya maji hayo, tukikutana na samaki huyo mara nyingi ni kando ya bukari. Kumla si dhambi. Lakini ni wangapi kati yetu tuliomgeuza mkononi kabla ya kumkwangua, tukaiona ile buluu kabla haijafifia?

Najua jibu litakalokuja, maana nimelisikia mara nyingi pale bandarini. Watasema: wewe mwandishi una nafasi ya kutazama, sisi tuna magunia ya mahindi ya kupakia, tuna makuta ya masomo ya watoto, na boti haimngoji mtu. Uzuri ni chakula cha walioshiba. Maneno hayo yana uzito, na asiyeyajibu asitoe mawaidha kwa watu wa Moba. Lakini hayana kweli.

Mtazameni mvuvi wa ndagala. Nani ana shughuli kumshinda? Anaingia ziwani jioni na taa zake, na usiku ukikolea, ukisimama ufukweni utadhani mji mwingine umejengwa majini. Ndagala wanaifuata taa, na chini ya taa ndipo wavu unapowangoja. Mwezi ukipevuka, nuru inamwagika ziwa zima, taa inakosa nguvu na ndagala wanatawanyika. Basi siku hizo mvuvi anabaki nchi kavu, anashona nyavu, analala nyumbani na watu wake. Mtu huyo anaujua mwezi kuliko mtunga mashairi. Anajua usiku gani utachomoza mapema na usiku gani utachelewa. Akiona kule mbali maji yamebadilika, ukanda mweusi umejitandaza juu ya buluu, anajua upepo unakuja na anawaambia wenzake wavute wavu. Jicho lake linalojua kwamba ziwa ni zuri ndilo hilohilo linalomrudisha hai kwa mkewe. Mwambie mtu huyo kwamba kutazama ni kazi ya walioshiba, naye atakucheka.

Nendeni pia sokoni. Maharagwe yanashuka kutoka milima ya Marungu: mekundu, ya njano, meupe, na yale yenye madoadoa ambayo hakuna punje mbili zinazofanana. Mama muuzaji angeweza kuyamwaga yote pamoja, mzani usingebadilika. Hafanyi hivyo. Anayapanga kwa rangi, kila fungu na kilele chake, na punje ikiteleza anairudisha juu kwa vidole viwili. Ana mtoto mgongoni, ana deni la ushuru wa soko, ana jirani anayemchukulia wateja, na bado anairudisha punje ile. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Ukimuuliza kwa nini, atasema ndivyo maharagwe yanavyouzwa.

Wazee wetu nao hawakungoja raha. Watabwa wa karne ya kumi na tisa waliishi katika miaka ya vita na ya biashara ya watumwa, miaka ambayo mtu alilala bila kujua kama ataamkia kwake. Katika miaka hiyohiyo walichonga mikisi, yaani sanamu za mababu, wakaijaza michoro ya pembetatu zilizofuatana kwa safu. Michoro hiyohiyo waliichanja miilini mwao na kuisuka katika mikeka na vikapu. Mtindo huo waliuita balamwezi, kuchomoza kwa mwezi mpya baada ya zile siku za giza. Watu waliokuwa wakikimbia na watoto wao walipata mkono wa kuuchora mwezi mgongoni mwa sanamu. Nasi tunasema hatuna nafasi!

Na ziko wapi sanamu hizo leo? Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyejenga ngome Mpala, walimuua mtawala Lusinga na kumkata kichwa. Lusinga hakuwa malaika. Wengi waliuzwa utumwani kwa mkono wake, na sitamtungia sifa asizostahili. Lakini sanamu ya ukoo wake ilichukuliwa pamoja na nyingine, ikavuka bahari, na leo iko katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Katikati ya miaka ya 1980 maonyesho ya sanaa ya Watabwa yalifunguliwa huko Marekani, na wageni wakajipanga kutazama kile ambacho vijana wengi wa Moba hawajawahi kukiona hata kwa picha. Kilichochukuliwa kwa nguvu tuna haki ya kukidai. Ila nawauliza vijana: pembetatu zile bado zimo katika baadhi ya vikapu na mikeka ya bibi zenu, mmezitazama? Hizo hakuna mzungu aliyezichukua.

Tena tunaye mfano wa nyumbani. Stefano Kaoze, mtoto wa nchi hii ya Watabwa, alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917 hapa hapa, wakati mji ukiitwa Baudouinville, akawa Mkongo wa kwanza wa zama hizi kufikia daraja hilo. Hilo tunalikumbuka na kulisherehekea. Tunalolisahau ni kwamba mwaka 1910, akiwa bado mseminari, alianza kuchapisha kwa Kifaransa maandishi juu ya fikra na tabia za watu wake. Alikuwa na Kilatini cha kukariri, alikuwa na wakubwa Wazungu juu ya kichwa chake, na wengi wa wakubwa wa zama hizo waliamini Mwafrika hana fikra za kuandikwa. Yeye akawatazama watu wake, akaona jambo la kuandika. Angengoja mpaka masomo yaishe na shughuli zipungue, tusingekuwa na ukurasa hata mmoja.

Enyi vijana wenye simu, msidhani nawasifu. Kupiga picha jua na kuituma kwa rafiki kabla hujalitazama si kutazama. Ni kuituma simu ikatazame kwa niaba yako. Na jua lenyewe, tazameni tulivyopendelewa. Ndugu zetu wa Karema, ng'ambo ya Tanzania, wanaliona likizama ziwani. Sisi tumepewa fungu la asubuhi: kwetu linatoka majini, na mwezi mpevu nao vivyo hivyo, wakati jua linapojificha nyuma ya milima mgongoni mwetu. Hakuna anayetozwa kitu. Anayeteremka kutoka Kirungu kwenda bandarini alfajiri na mzigo kichwani, macho yake tayari yameelekea huko. Asimame tu anapobadilisha mzigo. (Mwenye pikipiki nampa ruhusa ya kutotazama. Barabara ile yataka macho yote mawili.)

Ninalohimiza ni hili: tusiache uzuri ungoje Jumapili. Baba anayemfundisha mwanawe kushona wavu amwonyeshe pia rangi za maji. Mwalimu anayefundisha pembetatu ubaoni awaagize watoto walete kesho kikapu cha bibi. Hakuna dakika inayoongezwa, maana wavu ungeshonwa na pembetatu ingefundishwa vilevile.

Hasara ya kutotazama nayo ni ya kweli, haiishii moyoni. Katika milima ya Marungu yuko ndege mdogo wa jamii ya chozi, Cinnyris prigoginei, ambaye duniani kote hakai kwingine. Anaishi katika ile misitu myembamba inayofuata mito na vijito. Misitu hiyo inakatwa, na kingo za mito zinakanyagwa na ng'ombe mpaka zinabomoka. Sisemi watu wasilime wala wasifuge. Ng'ombe ni mali, na mwenye njaa hatashiba kwa kuona ndege. Lakini misitu hiyo ndiyo inayoyashikilia maji ya vijito tunavyochota, na asiyepata hata siku moja kusimama chini yake hataona kimepotea nini. Basi wakuu wa vijiji, mtakapokaa kugawa mashamba ya msimu ujao, pandeni kijitoni na watoto wawili watatu wa darasa la sita, waonyesheni ndege huyo kwa kidole, kisha ndipo mseme mti upi uanguke na upi ubaki.