Mawaidha Haya ni ya Mtoaji

Kila serikali au shirika linapotangaza kuwapa maskini wa vijijini fedha taslimu, husikika maneno yale yale. Watazinywa. Wataongeza mke. Watakaa barazani wakingoja mwezi mwingine uandame. Aghalabu wasemaji ni watu wenye mshahara, na hakuna aliyewasimamisha hata siku moja mlangoni mwisho wa mwezi akawauliza fedha zao wamezipeleka wapi.

Maskini amehubiriwa vya kutosha. Amehubiriwa msikitini na kanisani, bwana shamba akaja na yake, na mheshimiwa mwenye kuomba kura akamalizia. Mawaidha ya leo hayamhusu yeye. Yanamhusu anayetoa: mbunge anayepitisha bajeti, ofisa anayeshika orodha, mwenyekiti wa kijiji, mfadhili, na hata jirani mwenye nafuu. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 20 unaonyesha kwamba fedha zikifika mkononi mwa kaya maskini zikiwa kamili na kwa wakati, kaya hiyo hujua la kuzifanyia. Penye kasoro, mara nyingi ni upande ule wa meza walikoketi watoaji.

Tuanze na Siaya, magharibi mwa Kenya. Kati ya mwaka 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly lilizipa zaidi ya kaya 10,500 za kaunti hiyo KSh 87,000 kila moja, sawa na takriban dola 1,000 za wakati ule. Kigezo kilikuwa kimoja na kinaonekana kwa macho: nyumba iwe imeezekwa kwa nyasi. Fedha ziliingia kwa M-Pesa, kwanza KSh 7,000, baada ya miezi miwili KSh 40,000, na miezi sita baadaye KSh 40,000 nyingine. Hapakuwa na semina, wala fomu ya kueleza matumizi. Kwa familia hizo, kiasi hicho kilikaribia robo tatu ya matumizi yao ya mwaka mzima.

Katika mafungu ya namna hii, wengi huko Siaya wamenunua mabati. Kuna wanaolisikia hili wakacheka, wakidhani maskini kapata fedha akakimbilia fahari. Hebu tulitazame paa la nyasi kwa karibu. Nyasi huoza, mchwa huzila, na kila baada ya muda mfupi lazima zikatwe nyingine, zikaushwe, zifungwe, na anayezipanga apewe ujira au walau alishwe. Mvua za masika zikishuka usiku, watu huamka kuhamisha matandiko na kutega sufuria chini ya matone. Daftari la mtoto huloa, na gunia la mahindi huota ukungu. Mwenye nyumba akiweka bati, familia yake imejiondolea gharama inayorudi mwaka hadi mwaka. Akiongeza mfereji chini ya ukingo wa paa na pipa chini ya mfereji, maji yaliyokuwa yakimtoa kitandani ndiyo yanayompikia chai asubuhi, na safari moja ya kisimani imefutika. Huo ni uwekezaji, ingawa hakuna benki iliyowahi kumkopesha mtu wa nyasi fedha za kuufanya.

Pombe je? Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walilichunguza swali hilo huko Rarieda, Siaya hiyo hiyo, na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Chakula kiliongezeka, mifugo iliongezeka, msongo wa mawazo ulipungua, na matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, nao hawakuona dalili ya maana kwamba misaada ya fedha huongeza ulevi. Mlevi yupo kila kijiji, hilo halibishaniwi. Alikuwepo kabla ya fedha hizo, na yupo pia katika ofisi zenye viyoyozi, ila huko hakuna anayependekeza mishahara isimamishwe kwa sababu yake.

Hofu nyingine ni ya bei. Husemwa kwamba ukimwaga fedha kijijini, unga na sukari vitapaa na asiyepewa ataumia. Watafiti waliofuatilia vijiji 653 vya Siaya walikuta bei zimepanda kwa takriban asilimia 0.1 tu. Walikuta pia kwamba kila shilingi iliyoingia iliibua shughuli za kiuchumi zenye thamani ya takriban shilingi mbili na nusu, na kwamba hata kaya ambazo hazikupewa kitu ziliinua matumizi yao karibu sawa na zile zilizopewa. Sababu yake haihitaji shahada. Mashine ya kusaga inayokaa kimya nusu ya siku haina haja ya kupandisha bei wateja wakiongezeka. Inahitaji kuwashwa tu. Fundi seremala aliyekuwa akikaa na randa mapajani hupata kazi ya kitanda, naye hununua samaki kwa jirani yake, na jirani hulipa ada ya mtoto.

Mwaka 2025 yakatolewa matokeo mazito zaidi kutoka eneo hilo hilo. Katika kaya zilizopewa fedha, vifo vya watoto wasiofikisha mwaka mmoja vilikuwa vimepungua karibu nusu. Kina mama walipunguza kazi ngumu katika miezi ya mwisho ya mimba na wiki za kwanza baada ya kujifungua, wakala vizuri zaidi, na wengi wakajifungulia hospitali. Lakini serikali zisikilize vizuri mahali hapa: waliofaidika zaidi ni wale walioishi karibu na kituo cha afya chenye daktari. Nauli mkononi haina faida ikiwa mwisho wa safari ni zahanati iliyofungwa. Anayetoa fedha asidhani amesamehewa kujenga.

Tanzania nayo ina hazina yake ya mafunzo. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa nchi hiyo, ulioanzishwa mwaka 2000, ulianza mwaka 2010 kujaribu malipo ya fedha kwa kaya maskini katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Watoto walitakiwa waende shule, wadogo wapelekwe kliniki, wazee wapimwe afya. Tathmini iliyofuata ilikuta kaya zilizopewa zimejiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, zimeongeza mifugo, na watoto wao wanavaa viatu zaidi kuliko wenzao. Viatu! Mtaalamu wa mjini anaweza kukipita kipengele hicho bila kusimama. Mtoto aliyewahi kuchomwa mwiba njiani akaikosa shule kwa juma zima hawezi kukipita.

Kutokana na jaribio hilo ulikuja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012, uliofika kaya zaidi ya milioni moja. Katika awamu hiyo ruzuku ya msingi ilikuwa TSh 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye watoto iliongezewa TSh 4,000, kabla ya nyongeza za wanaotimiza masharti. Kwa kuwa malipo yalikuwa ya miezi miwili miwili, mama mwenye watoto aliyeondoka mezani na hayo mawili tu alikuwa na TSh 28,000. Aliketi tangu asubuhi chini ya mwembe akisubiri jina lake lisomwe, wino wa dole gumba haujakauka, na hesabu alikwisha kuimaliza kichwani: deni la dukani kwanza ili aweze kukopa tena, kisha daftari na sabuni, halafu tetea wawili kama bei haijapanda. Hakuna mhasibu atakayemfundisha kuzigawa vizuri zaidi. Kinachoweza kumharibia hesabu ni malipo kuchelewa, au mkono wa mtu mwingine kutangulia.

Ndiyo maana wenyeviti wa vijiji waambiwe wazi: meza ya malipo si mahali pa kukusanyia michango. Mchango wa darasa na wa barabara una siku yake na stakabadhi yake. Kumkata mjane pale pale, mbele ya watu, huku akiogopa jina lake lisije likafutwa, ni dhuluma hata kama darasa litajengwa kweli.

Ucheleweshaji ni dhambi inayofanywa na wakubwa zaidi. Nchini Kenya, wazee na walezi wa yatima walioandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii wamelalamika mara kwa mara kwamba miezi hupita bila malipo, kisha huja kwa mkupuo. Mwenye duka hangoji hazina kuu. Mzee hukopa, na fedha zinapofika tayari ni za mtu mwingine. Juu ya hayo, kiwango cha KSh 2,000 kwa mwezi kimekaa pale pale tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilhali mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili za unga ilipita KSh 200. Ruzuku isiyofuata bei hupunguzwa kila mwaka bila Bunge kupiga kura.

Umuhimu wa kumpa mtu uhakika umeonekana katika jaribio jingine la Kenya, ambako watu wazima wa vijiji kadhaa waliahidiwa takriban KSh 2,250 kila mwezi kwa miaka 12. Ilitabiriwa wataacha kazi. Matokeo ya mwaka 2023 hayakuonyesha watu kuwa wavivu. Wengi walihama vibarua vya mashamba ya wengine wakaanza shughuli zao wenyewe. Waliojua fedha zitaendelea kuja waliingia kwenye vyama vya kuchangiana, wakageuza vijimafungu vya kila mwezi kuwa mtaji wa mara moja. Katika vijiji vingine vya jaribio hilo, waliopewa donge zima kwa mpigo nao walifungua biashara nyingi. Kumbe kinachomkwamisha mtu kupanga mambo ya mbele ni kutojua kesho atapata nini.

Yapo ya kukiri. Utafiti wa Rarieda uliwakuta majirani wasiopewa wakiwa hawaridhiki na maisha yao kama zamani, na mtu yeyote aliyelelewa kijijini hashangai. Mwaka 2016, katika Kaunti ya Homa Bay, karibu nusu ya watu waliotakiwa kupewa fedha walizikataa kwa uvumi kwamba ni za shetani. Ni rahisi kuwacheka. Lakini watu waliozoea kuona kila kitu cha bure kikifuatwa na bili walikuwa na haki ya kuuliza, na jibu lilipaswa kuwafikia kabla ya uvumi. Mtoaji anayefika na gari, akaandika majina na kuondoka bila mkutano wa hadhara, amejitakia mwenyewe.

Tena masharti yapimwe kwa makini. Huko Zomba, Malawi, wasichana waliopewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule walibaki darasani zaidi. Lakini miongoni mwa waliopewa bila sharti, ndoa za utotoni na mimba zilipungua kwa kiasi kikubwa, hasa kwa wale waliokwisha kuacha masomo. Maana yake ni kwamba sharti, hata likiwa jema, linaweza kumtupa nje yule yule aliyekaribia zaidi kuzama. Binti aliyeacha shule bado ni binti wa kijiji, na bado anakula.

Basi, waheshimiwa wabunge wa nchi zetu, bajeti ya ruzuku itakapofika mezani kwenu, msianze na swali la kama maskini wataitumia vizuri. Hilo limekwisha kujibiwa. Ulizeni tarehe ya malipo imeandikwa wapi na nani atawajibika ikipita. Ulizeni kiwango kilipandishwa lini mara ya mwisho. Ulizeni zahanati ya karibu ina mganga au ina kufuli. Nawe msomaji, mkutano wa kijiji ukiitishwa kuhakiki orodha ya walengwa, usiwaachie wenye sauti kubwa peke yao. Nenda, na kama kuna kaya unayoijua imeachwa nje, simama uitaje kabla orodha haijafungwa.