Kizuri Chajiuza: Nani Alipie Majaribio ya Vipaji?

ZINGA, BAGAMOYO – Mnunuzi wa samaki anayefika ufukweni alfajiri haulizi cheti. Humfunua changu mashavu aone wekundu, humbonyeza kwa kidole aone kama nyama inarudi, na hapo ndipo dalali anapoanza kutaja bei. Jirani hapo, Mlingotini, mwani mkavu hupimwa kwa mizani mbele ya anayeununua. Korosho za Mkoa wa Pwani nazo hutenganishwa, standadi gredi huku na anda gredi kule, kabla ya mnada. Katika biashara zote hizo kanuni ni moja: anayeikagua mali kwa makini ni yule ambaye fedha yake itapotea endapo mali ni mbovu.

Ipo biashara moja ambayo imeigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu. Ni biashara ya majaribio ya kulipia kwa vijana wachezaji, ambayo imeenea katika miji mingi ya Afrika, na ambayo mzazi wa Zinga mwenye kijana hodari wa mpira anaweza kukutana nayo wakati wowote. Mzazi huuziwa fomu. Kijana hucheza siku mbili mbele ya watu wanaotajwa kuwa ni wasaka vipaji. Mwishoni hugawiwa medali na vyeti: mchezaji bora, kipa bora, kikosi bora cha mashindano, kijana wa kutazamwa. Mzazi hurudi nyumbani na cheti, akiamini ana mali mkononi.

Je, cheti hicho kinaonyesha kipaji, au kinaonyesha kwamba ada imelipwa? Kwa mfanyabiashara mdogo swali hili si la michezo tu. Ada, nauli, malazi na jezi vikijumlishwa ni mtaji wa kununulia magunia ya chumvi, au karo ya muhula mzima.

Hesabu ya mwandaaji haina siri. Chukua mfano wa vijana 200 wanaolipa shilingi 30,000 kila mmoja. Hizo ni shilingi milioni 6. Toa milioni 2 za uwanja, waamuzi, maji, mipira na medali, inabaki milioni 4. Angalia sasa kinachotokea katika utoaji wa tuzo. Mwandaaji akitoa tuzo moja, wazazi 199 wanaondoka mikono mitupu na huenda mwakani wasirudi. Akitoa tuzo 40, wazazi 40 wanarudi na kuwaita majirani. Medali ni gharama ndogo, na faida yake ni wateja wa mwaka unaofuata. Si lazima mwandaaji awe tapeli ili tuzo ziongezeke. Mahesabu yenyewe yanamsukuma huko.

Wawekezaji wanaofuatilia masoko ya fedha wameshauona ugonjwa huu mahali pengine. Nchini Marekani, makampuni yanayopanga madaraja ya dhamana hulipwa na yule yule anayeziuza dhamana hizo. Kwa mujibu wa tume iliyochunguza msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, na ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 2011, kampuni ya Moody's peke yake ilizipa dhamana zinazohusiana na mikopo ya nyumba karibu 45,000 daraja la juu kabisa kati ya mwaka 2000 na 2007. Nyingi baadaye zilishushwa daraja, na waliozinunua kwa kuamini herufi tatu za A walipata hasara. Pale muuzaji anapomlipa mkaguzi, daraja la juu hupatikana kwa wepesi.

Marekani hiyo hiyo ndiko biashara ya kuonyesha vijana kwa malipo ilikokomaa, hasa katika mchezo wa besiboli. Kampuni ya Perfect Game ilianzishwa huko Iowa mwaka 1995, na tangu wakati huo wazazi wamekuwa wakilipa ili vijana wao wapimwe, waorodheshwe na kupewa daraja. Ni haki kusema kwamba sehemu ya kazi hiyo ina manufaa. Mwendo wa mpira uliorushwa hupimwa kwa rada, na mbio za yadi 60 hupimwa kwa saa. Rada haijui mzazi gani amelipa. Aidha, ni kweli kwamba wachezaji wengi wa ligi kuu ya huko walipita katika maonyesho hayo walipokuwa vijana.

Hata hivyo hoja hiyo ya mwisho isimpumbaze mtu. Samaki wazuri wengi wa Dar es Salaam hupita soko la Feri, na waliochina nao hupita hapo hapo. Kupita Feri si ushahidi wa ubora. Kila mwaka timu 30 za ligi kuu ya besiboli huchagua vijana kwa awamu, na tangu mwaka 2021 awamu hizo ni 20 tu, maana yake ni nafasi zipatazo 600 kwa nchi nzima. Zilipokuwa nyingi zaidi, mwaka 1999, Albert Pujols alichaguliwa akiwa wa 402. Alistaafu mwaka 2022 akiwa ameuvusha mpira nje ya uwanja mara 703, idadi ambayo ni wachezaji wachache mno katika historia waliowahi kuifikia. Ikiwa timu zinazotumia fedha zao wenyewe, zenye wataalamu wa kudumu, ziliweza kumpita mtu wa namna hiyo mara 401, basi mtu wa siku mbili aliyelipwa na mzazi hawezi kudai kwamba amemaliza kazi ya kupima.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake, na mifano hiyo inafundisha. Mwaka 2012 watoto kutoka Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za dunia za besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani. Walifika huko kwa kushinda mechi za kufuzu. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini mikataba na timu ya Los Angeles Dodgers. Hapo mnunuzi ndiye aliyekuja kuitafuta mali Uganda, na fedha iliyowekwa rehani ilikuwa ya kwake. Hapa nchini mchezo huo bado ni mchanga, ingawa Shule ya Sekondari Azania ya Dar es Salaam ilipata uwanja wa besiboli mwaka 2018 kwa msaada wa Japani.

Katika soka, ambalo ndilo linalomhusu kijana wa Zinga zaidi, mfano ulio wazi ni wa Mbwana Samatta. Alitokea Mbagala, akacheza African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka huo huo Mazembe ikamnunua. Mwaka 2015 aliibuka mfungaji bora wa ligi hiyo. Mwaka 2016 alikwenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa ya Uingereza. Waliomnunua walimwona katika mechi za ushindani, dhidi ya watu wazima waliokuwa wakitaka kumzuia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuna jambo moja la kibiashara ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe vilabu vilivyomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa malezi kuanzia miaka 12 hadi 15 una thamani ya robo asilimia ya ada hiyo, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una thamani ya nusu asilimia. Mchezaji akiuzwa kwa dola milioni 10, klabu iliyokaa naye misimu mitatu kuanzia umri wa miaka 16 ina haki ya dola 150,000. Kwa klabu ndogo ya pwani hizo ni fedha za kujenga uwanja. Yapo pia malipo mengine ya fidia ya malezi kijana anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa.

Maana yake ni nini? Klabu au kituo kilichosajiliwa, kinachomlea kijana kwa miaka, kina hisa katika mafanikio yake. Kikikosea kuchagua, hasara ni yake. Mwandaaji wa kambi ya siku mbili hana hisa hiyo. Kijana akifika Ulaya hapati kitu, na akiishia kijiweni hapotezi kitu. Mapato yake yote yalikwisha kuingia siku fomu ilipouzwa. Mwenye hekima ya soko ataona mara moja ni nani kati ya hawa wawili ambaye maoni yake juu ya kipaji yana uzito.

Tuzo za vijana zina kasoro nyingine hata pale waandaaji wanapokuwa waaminifu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kanada waligundua kwamba katika hoki ya barafu, vijana waliozaliwa mapema mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika timu teule, kwa sababu tu walikuwa wakubwa kuliko wenzao wa Desemba. Makocha walidhani wanaona kipaji kumbe wanaona miezi. Hapa nchini tatizo la umri limewahi kuwa na gharama kubwa: mwaka 2005 Serengeti Boys ilinyang'anywa nafasi yake katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa kosa la umri wa mchezaji. Mahali ambapo hakuna anayekagua vyeti vya kuzaliwa kwa makini, medali ya mchezaji bora inaweza kuwa medali ya mwenye ndevu.

Kubwa kuliko yote, ada yenyewe huchuja watu kabla mpira haujapigwa. Mtoto wa mwenye duka barabarani ataonekana, na mtoto wa kibarua wa mashamba ya chumvi hataonekana. Anayetangazwa bora katika uwanja huo ni bora miongoni mwa waliolipa. Nchi inayotafuta wachezaji kwa njia hiyo inajinyima mali yake yenyewe.

Wanaotetea majaribio haya wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Husema kwamba wasaka vipaji hawaendi kwenye viwanja vya vumbi vya vijijini, kwamba kukodi uwanja ni gharama, na kwamba kijana anahitaji mahali pa kuonekana. Ni kweli. Lakini inafaa kutenganisha vitu viwili. Kulipia huduma ni halali: mazoezi ya kila wiki, mwalimu, nauli, chakula, matibabu. Mzazi anaona anachopata. Kulipia hukumu ni jambo jingine. Mwandaaji mwaminifu angeweza kutoza ada ya mazoezi na kuwaachia klabu zitoe maoni yao kwa gharama zao, au angekubali kulipwa asilimia fulani pale tu kijana anaposajiliwa. Anayekataa mpango wa namna hiyo huwa amekwisha kueleza anavyoiamini bidhaa yake.

Kwa hiyo mzazi anayepelekewa fomu ana maswali machache ya kuuliza kabla ya kufungua pochi. Nani amelipia safari ya hao wasaka vipaji, klabu yao au mwandaaji? Waliopewa tuzo mwaka jana na mwaka juzi wako wapi leo, na wamesajiliwa na klabu gani? Tuzo zilikuwa ngapi kwa vijana wangapi? Mtu anayejiita wakala ana leseni ya FIFA, ambayo tangu mwaka 2023 hutolewa kwa mtihani? Na iwapo kijana wa miaka 14 anaahidiwa klabu ya Ulaya, mzazi akumbuke kwamba kanuni za FIFA huzuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache mahususi. Ahadi hiyo pekee inatosha kumfanya arudishe fomu.

Njia nyingine zipo na bei yake ni nafuu. Michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari humpitisha kijana shuleni, wilayani, mkoani hadi taifa, na kila hatua anashindana na wengine wanaoitaka nafasi hiyo hiyo. Ligi za wilaya nazo hazimbagui asiye na ada ya maonyesho. Zina upungufu mwingi, na klabu kubwa zingefanya vizuri kupeleka watu wao huko mara nyingi zaidi. Lakini kijana anayefunga mabao msimu mzima mbele ya mabeki wa Kiromo na Kerege ana rekodi ambayo haikununuliwa na mtu.

Mwenye shilingi 30,000 na kijana mwenye kipaji ana matumizi bora kuliko cheti. Anunue njumu, amlipe mwalimu wa mtaani anayekuja uwanjani kila jioni, au aongezee karo. Mnunuzi wa kweli akija, atataka kumbonyeza samaki kwa kidole chake mwenyewe.