Kichujio na Sauti ya Mtambaji

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anaporekodi ngano Kibera au Kawangware, hurekodi pia mvumo wa umeme, honi za matatu na mvua juu ya mabati. Arudipo chuoni, hufungua programu ya kompyuta, akakata masafa yote ya juu, kisha akaridhika. Nami nilifanya hivyo. Niliposikiliza upya, ‘zana’ na ‘dhana’ zilikuwa zimekaribia kuwa neno moja, na makofi ya hadhira yalikuwa yamefifia. Ninashikilia kwamba kosa hilo si la mashine. Ni letu sisi tuliodhani kwamba uchujaji wa sauti ni kazi ya wahandisi peke yao.

Kichujio dijitali ni hesabu tu: sampuli za sauti huzidishwa kwa namba zilizoteuliwa, kisha majibu hujumlishwa. Ufanisi wake ni kupata matokeo yatakiwayo kwa hesabu chache. Mwaka 1972, Thomas Parks na James McClellan wa Marekani walichapisha mbinu ya kusambaza kosa sawasawa ili kichujio kiwe kifupi iwezekanavyo. Aina nyingine hutumia tena majibu yake yaliyotangulia. Kwa njia hiyo, mvumo wa umeme wa Kenya, ambao msingi wake ni mitetemo 50 kwa sekunde, huweza kupunguzwa kwa kuzidisha mara tano tu kwa kila sampuli, bila kudhuru sauti ya mzee anayetamba.

Hata hivyo, ufanisi wa mhandisi si lazima uwe ufanisi wa mtafiti wa fasihi. Simu za jadi zilikata sauti zilizozidi mitetemo 3,400 hivi kwa sekunde. Gharama ilipungua, ila nguvu kubwa ya /s/ na /z/ huwa juu ya hapo. Mvua ya mabati nayo huenea katika masafa mengi mno, hata kichujio cha namna hii kisiweze kuitenga na usemi. Zaidi ya hayo, kikohozi cha mtambaji na vicheko vya watoto ni kelele kwa nani? Kwetu ni sehemu ya utendaji wenyewe.

Basi ninapendekeza kwamba idara zetu zifundishe misingi ya uchujaji pamoja na fonetiki. Kwamba mtafiti aeleze katika tasnifu yake alichokikata na sababu ya kukikata. Na kwamba rekodi asilia ihifadhiwe daima. Usitupe mbachao kwa msala upitao.